Reli ya Nyunzu Uani Troyeville

Fundi cherehani akianza kununua kokoto, watu husema anajenga nyumba. Majirani wa Troyeville, mtaa wa Johannesburg, walisema hivyo hivyo walipomwona Elisée akiingiza mifuko uani kwake. Wakangoja waone ukuta, wakaona reli. Reli ya shaba, upana wa vidole vitatu, imelazwa juu ya mataruma aliyoyachonga kwa mbao za makreti ya matunda. Ilianzia mlangoni pa jikoni, ikapita chini ya kamba ya nguo, ikazunguka nyuma ya choo cha zamani cha nje, ikapanda kidogo penye mlimau, ikavuka mtaro wa maji ya mvua kwa daraja la bati, ikarudi ilikotoka. Na treni iliyopita juu yake haikuwa ya betri wala ya umeme. Ilikuwa na tanuru lake lenye tumbo la maji, ikichemka yenyewe, ikifoka mvuke, ikipiga filimbi mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Kichwa chake kilikuwa na urefu wa mkono wa mtu, kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole.

Ukitafuta mwanzo wa mambo hayo utamkuta Jeanne, mkewe, ingawa hakuwahi kuyaomba.

Jeanne alizaliwa Nyunzu, kwenye kambi ya reli, kati ya Kalemie na Kabalo. Baba yake alikuwa mchochea moto. Alirudi nyumbani macho mekundu, nyusi zimeungua, ananuka moshi na mafuta, na watoto wakamning'inia shingoni kwa ajili ya harufu ile ile ambayo mama yao aliikimbia. Elisée yeye alikuwa mtu wa Bukavu, mji wa milima na ziwa, ambako reli haijafika mpaka leo. Walikutana huko kwenye kwaya, Jeanne alipokwenda kuishi kwa shangazi yake. Vita ilipokuja wakatoka pamoja, basi kwa basi, nchi kwa nchi, mpaka Johannesburg, wakiwa na binti mmoja mgongoni na kichwa cha cherehani ndani ya gunia. Katika njia hiyo yote Elisée hakuona hata mara moja treni ya moshi inayotembea. Alichokuwa nacho ni maneno ya mkewe. Umeme ukikatika, na umeme wa mji huu haujui adabu, Jeanne alikuwa akisimulia Nyunzu: wanawake waliokimbia na masinia ya samaki wakavu kuelekea madirishani, mkuu wa stesheni aliyelala na kofia, kuni zilizopangwa kama ukuta wa kanisa. Elisée alisikiliza sindano ikiwa mdomoni.

Kisha siku moja Mreno mmoja mzee wa barabara ya pili alileta suruali zipunguzwe. Alikuwa akihamia pwani kwa binti yake, na kwapani alikuwa amebeba boksi. Ndani ya boksi palikuwa na kichwa cha treni, magurudumu yamekwama, bomba la moshi limepinda. Alisema huko aendako hakuna ua, na kitu hiki bila ua ni pambo la kabati. Elisée akakigeuza mkononi, akauliza kama kinaweza kutembea. Mreno akamweleza kwamba kinatembea kwa maji na moto kama wakubwa zake, ila asikipe maji ya bomba, yana chokaa. Akipe ya mvua. Suruali zikapunguzwa bure, na magurudumu yakakwamuliwa kwa mafuta ya cherehani.

Tangu hapo Elisée alikuwa na kazi mbili. Mchana alishona sare za shule na magauni ya harusi; jua likishuka alikuwa magotini uani. Alijenga kwa akili ya fundi cherehani, maana hakuwa na nyingine. Kona za reli alizikata kwanza kwenye karatasi ya kaki, kama mtu anavyokata kwapa la koti, akazilaza chini, akarudi nyuma, akazitazama kwa jicho moja. Alipima kwa ile futi ya kitambaa iliyokaa shingoni mwake miaka yote. Penye mlimau kona ilikuwa kali na treni ikawa inaanguka kila ikipita. Akasema kwapa limebana, akafumua yote, akakata upya.

Na alimwuliza Jeanne kila kitu. Mnara wa maji ulikuwa upande gani? Wa mtoni. Mto wenyewe ulikuwa wapi? Jeanne akamwonyesha mtaro wa maji ya mvua, wakacheka, na tangu siku hiyo mtaro ukaitwa kwa jina la mto, Lukuga. Alijenga nyumba za kambi kwa vipande vya bati, akazipaka chokaa, na Jeanne akamwambia ya baba yake ilikuwa ya tatu na mlango wake ulikuwa haufungi vizuri. Akaenda akaupinda mlango. Walibishana sana juu ya mnara wa maji. Jeanne alikumbuka hivi leo na vile kesho, na Elisée aliung'oa na kuupanda tena bila kununa, akisema afadhali kushona kwa mteja anayebadilisha mawazo kuliko kwa yule asiyejua anachotaka.

Jumapili baada ya ibada waliwasha. Elisée alikuwa dereva, Jeanne mchochea moto, kazi ya ukoo. Alitia maji ya mvua kwa bomba la sindano, alijaza taa ndogo chini ya tanuru kwa spiriti ile ya zambarau ya dukani, akawasha. Mchana wa jua, moto wa spiriti hauonekani. Unaujua kwa kuleta kiganja karibu. Jeanne alipenda kungoja kule, kiganja kimetandazwa hewani, mpaka maji yaanze kuimba.

Elisée akafa baridi ikiisha, kwa kifua. Hakuugua sana.

Mjane aliye kwenye matanga hachezi. Jeanne akaifunika treni kwa kitambaa cha bitana, akavaa nyeusi, akakaa kwenye cherehani ya mumewe akishona alivyoweza: pindo, zipu, sare. Si fundi kama marehemu, lakini mkono wake ulikuwa safi na wateja hawakukimbia. Reli ikaota majani. Penye mlimau majani yalioza juu ya mataruma, na Lukuga ikajaa mchanga wa mvua za majira ya joto.

Kwa watu wao, mwaka ukitimia hutolewa matanga. Mjane anavuliwa nguo nyeusi, watu wanakula, na vitu vya marehemu vinagawanywa mbele ya wazee. Vya kiume huenda kwa ndugu wa kiume. Jeanne hakuwa na ugomvi na desturi hiyo. Hata baba yake alipokufa, saa yake na buti zake zilikwenda kwa baba mdogo, na hakuna aliyelia.

Firmin, mdogo wa marehemu, alikuja kwa basi kutoka Lubumbashi, miguu imevimba kwa kukaa. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo na kicheko cha haraka. Jioni ile ile, mbele ya Papa Lwaboshi, mwenyekiti wa chama chao cha kuzikana, alisema yaliyokuwa moyoni mwake ili siku ya matanga pasiwe na maneno. Kitanda abaki nacho shemeji. Vyombo abaki navyo. Cherehani, ambayo kwa haki ni kitu cha mwanamume, abaki nayo pia, kwa sababu ndiyo inayompa ugali. Yeye Firmin anaomba kitu kimoja tu: kale katreni.

Papa Lwaboshi alisifu sana. Alisema ameona ndugu waliobeba mpaka mapazia, na huyu anaomba mchezo wa watoto. Wengine wote waliokuwapo wakatikisa vichwa kwa heshima. Jeanne akabaki ameshika birika la chai. Angesema nini? Mtu amekuachia nyumba nzima, amechukua kijiko, nawe ulilie kijiko? Binti yao Jocelyne, anayefanya kazi benki kule Sandton na kuzungumza Kiswahili kama mtu anayetafuta funguo mkobani, alimfuata jikoni akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba baba mdogo amewafanyia uungwana na kwamba kile ni kitu cha kuchezea, mama, tena kinaweza kuchoma nyumba.

Jeanne akaweka birika chini. Alirudi sebuleni, akaomba jambo moja: kabla haijaondoka, treni itembee mara moja mbele ya watu. Yeye atachochea. Firmin akafurahi kama mtoto. Papa Lwaboshi akasema haoni ubaya.

Hakuwa na mpango. Alijua tu kwamba akiiacha iondoke chini ya kitambaa cha bitana, Nyunzu itaondoka nayo, na mahali pengine pa kuiona hana. Kambi yenyewe, waliotoka kule walimwambia, mabati yalishang'olewa zamani, na relini wanaanika mihogo.

Siku ya matanga ua ulijaa. Hema lilifungwa, masufuria ya sombe, yale majani ya mihogo, na ya samaki yakachemka, mabinti wakapika bugali kwa zamu. Wanawake walimwogesha Jeanne, wakamvua nyeusi, wakamvika kitenge cha njano. Mwili wake ukaona haya kwa rangi. Kisha Mama Masika, kiongozi wa wanawake wa maombi, akapita na kindoo chake akibariki vitu vyote vya marehemu kabla havijagawanywa, ili mikono mipya isipokee la zamani. Alibariki kitanda, mkasi, viatu, cherehani, redio. Mama Masika ni mwanamke wa Butembo, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na akibariki hakuna kinachobaki kikavu.

Reli Jeanne alikuwa ameshaisafisha tangu alfajiri. Alifagia majani, akasugua shaba kwa limau, akachota maji ya mvua kutoka pipa lililo chini ya paa, akayachuja kwa kitambaa, akayaweka kwenye chupa kando ya treni. Watu waliposhiba kidogo aliita. Akanywesha tanuru kutoka kwenye ile chupa, akatia mafuta mazito penye pistoni, akawasha. Akatandaza kiganja. Kabla ya wakati wake maji yakaanza kuimba, lakini wimbo ulikuwa mchafu, wenye mafua. Kwenye kioo chembamba cha kuonyesha maji akaona mapovu matupu.

Firmin ndiye aliyekaa mahali pa dereva, kando ya reli, shati jeupe, magoti kwenye gunia. Jeanne alisita. Watu walikuwa wamesimama tayari na simu zao mikononi. Akamwambia afungue mvuke taratibu.

Treni ikajikunja, ikakohoa, magurudumu yakaruka nusu mzunguko na kukwama. Kisha bomba la moshi likatapika. Povu la kahawia, la moto, likaruka juu, likamwangukia Firmin kifuani. Akarudi nyuma kwa makalio. Jeanne akavuta taa chini ya tanuru, akaizima kwa kitambaa.

Watu walishusha simu, wakatafuta maana. Halafu maana zikaja nyingi. Mmoja alisema marehemu amemkataa ndugu yake, si mmeona amemtemea. Mwingine akasema hapana, aliyewasha ni nani? Amemkataa mjane. Firmin alipangusa shati, uso umemshuka. Papa Lwaboshi akainua fimbo yake mpaka wakanyamaza. Alisema marehemu hajamkataa mtu. Amechoka kuchezewa ugenini, anataka kitu chake kirudi nyumbani. Kwa hiyo kisiwashwe tena. Kifungwe, Firmin akipeleke Bukavu, kikae kilipo kitovu cha mwenyewe.

Watu wakasema ndiyo. Lilikuwa neno zuri, na Jeanne alijua kwamba neno zuri la mzee likishakubaliwa na watu walioshiba ni vigumu kulivunja.

Aliomba ruhusa ya kukipoza tu kabla hakijafungwa, wasije wakaungua. Akainama. Pua yake ikapata harufu ambayo haikuwa ya moshi wala ya mafuta ya pistoni. Akakumbuka baba yake akija nyumbani amekasirika, miaka ile, kwa sababu kijana mmoja wa karakana aliosha ndoo ya maji kwa sabuni, na treni nzima ya mizigo ikatapika njia yote mpaka stesheni ya Niemba. Baba alisema treni ina tumbo kama la mtoto mchanga. Jeanne akachukua chupa, akachovya kidole, akalamba. Chumvi. Na juu ya chumvi, utelezi wa mafuta ya zeituni.

Aliinua macho. Mama Masika alikuwa amesimama penye kamba ya nguo, kindoo mkononi, akimtazama kama mtoto aliyevunja sahani. Jeanne akamwita kwa kichwa, wakaenda nyuma ya choo cha zamani.

"Ulitia nini kwenye chupa yangu?"

"Baraka."

"Baraka gani, Mama Masika?"

"Maji ya maombi, yenye chumvi. Na kifuniko kimoja cha mafuta. Nilibariki vitu vyote, nikaona hiki nacho kinakunywa, nikasema basi kinywe baraka. Nimeharibu?"

Jeanne alijizuia, akashindwa. Akacheka, mkono mdomoni, mabega yakitetemeka, kicheko cha kwanza tangu mwaka wa jana, na mwenzake akamtazama kwa hofu.

"Hukuharibu. Umekibatiza, kikatapika dhambi zake zote."

Mama Masika hakucheka. Alisema atakwenda sasa hivi kumwambia Papa Lwaboshi mbele ya watu kwamba si marehemu, ni yeye. Jeanne akamshika kanga. Aliona vizuri kwamba neno moja tu lingemrudishia kila kitu: mzee angeaibika na lile neno lake zuri, wangewasha tena, wangecheka. Lakini aliona pia Mama Masika mwaka ujao, kwenye kila msiba kutoka Bertrams mpaka Yeoville, akipita na kindoo chake na watu wakiulizana kama leo anabariki au anatapisha. Mwanamke huyu ndiye aliyelala naye sakafuni usiku wa msiba.

"Kaa," akamwambia. "Ukiwaambia, watakutania mpaka uzikwe. Nichotee maji pipani, tena kwa ndoo ambayo haijaenda kanisani."

Alirudi uani akazungumza na Papa Lwaboshi taratibu, kwa heshima, akiwa amepiga goti kama inavyotakiwa. Alisema baba, umesema vema, kitu kirudi kinakotakiwa. Ila kitu hiki kimefunga mwaka mzima pamoja nami, bila kunywa. Mtu aliyefunga mwaka ukimpa chakula siku ya kwanza atatapika. Mimi mwenyewe asubuhi nilipovuliwa nyeusi nilitapika, waulize wanawake. Niruhusu nikioshe tumbo. Kisipotembea safari hii nitakifunga mimi kwa mikono yangu.

Kwamba alitapika asubuhi ilikuwa kweli. Papa Lwaboshi alikuna ndevu. Akasema mjane aoshe.

Watu wakarudi kwenye samaki. Jeanne akangoja shaba ipoe, maana ukitia maji baridi kwenye tanuru la moto unalipasua, akamwaga mchafu wote, akatia ya mvua, akatikisa, akamwaga, akatia tena, akalamba, akamwaga, mpaka ulimi wake ukasema hakuna kitu. Mama Masika alileta ndoo baada ya ndoo. Mawingu ya saa za alasiri yalikuwa yakipanda upande wa Bezuidenhout Valley. Firmin alikuja akachuchumaa pembeni na shati lake lenye madoa.

Alitazama maji yakimwagwa. Kisha alisema kwamba walipokuwa wadogo Elisée alimtengenezea magari ya waya, yenye usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama, na hakuna mtoto mtaani kwao aliyekuwa na gari kama la Firmin. Na alipoanza reli hii alikuwa akimtumia picha kila Jumapili. Firmin alizifungua dukani kwake, kati ya vyuma vya magari ya watu. Ndiyo maana ameiomba. Kaburi la kaka liko huku, mbali, hawezi kulipalilia.

Jeanne akaendelea kusugua. Kabla ya hapo alikuwa akimwona Firmin kama mtu anayechukua. Sasa akamwona kama mtu anayekosa, na jambo likawa gumu zaidi.

Akawasha. Kiganja hewani. Maji yakaimba, safari hii sauti nyembamba, safi. Watu walisogea bila kuitwa. Akamwambia Firmin akae tena mahali pa dereva. Firmin akatazama shati lake, akakaa.

Treni ikaondoka. Haikuwa na haraka. Ilivuta mabehewa yake mawili ya bati chini ya kamba ya nguo, ikapotea nyuma ya choo, na kwa muda huo walisikia tu pumzi zake. Ikatokea penye mlimau, ikapanda, pumzi zikawa nzito kama za mtu mwenye mzigo, ikapita kona bila kuanguka. Mvuke ulikaa kwenye majani. Harufu ikamfikia Jeanne, mafuta ya moto na maji ya moto, na hakuwa tena mwanamke wa kitenge cha njano. Alikuwa miguu mitupu kwenye changarawe, amebeba kikapu cha baba, na jua la Nyunzu lilikuwa likimchoma utosini. Ilipokaribia daraja akanyoosha mkono, akavuta kiwaya cha filimbi, mara moja. Akangoja. Akavuta tena.

"Kwa nini mara mbili?" Firmin akauliza.

"Ya kwanza ni ya mkuu wa stesheni. Ya pili ilikuwa ya mama, aweke sufuria motoni. Baba alikatazwa na wakubwa, akaendelea kuipiga."

Firmin aliifuata kwa macho mpaka iliporudi mbele ya nyumba za bati. Akauliza ipi ni ya nani. Jeanne akamwonyesha ya tatu, ya mlango uliopinda. Firmin akainama mpaka shavu karibu na kokoto, akautazama ule mlango. Alisema kaka yake alimwandikia chini ya picha moja, hapa ndipo nyumbani kwa Jeanne, na yeye alidhani ni mchezo, kwamba ameitungia jina.

"Hakuwahi kufika," Jeanne akasema. "Hata mara moja. Ni maneno yangu haya, yeye aliyashona tu."

Treni ikazunguka tena. Watoto wakaikimbiza. Papa Lwaboshi, fimbo magotini, alikuwa akitabasamu bila kujua kwamba anaonekana.

"Shemeji," Firmin akasema, "naona sasa. Lakini mimi je, nirudi na nini cha mkono wake?"

Jeanne alikuwa amelijua jibu tangu aliposikia habari za magari ya waya, na alikuwa akilikwepa. Alimshika mkono shemeji yake, kitu ambacho hakikuwa adabu sana, akampeleka chumba cha mbele. Akaondoa kitambaa juu ya cherehani. Meza yake ya mbao ilikuwa na bonde upande wa kulia, pale kiwiko cha Elisée kilipolala miaka yote ya mji huu. Pedali ya chuma ilikuwa imelika umbo la mguu. Gurudumu la mkono lilikuwa limeng'aa mahali pamoja tu, pa vidole vitatu.

"Treni ina jioni zake," akasema. "Mikono yake iko hapa. Chukua hii."

Firmin akakataa kwanza kwa nguvu. Watasema nini watu, kwamba amemnyang'anya mjane ugali? Jeanne akamkumbusha kwamba yeye Firmin ana binti, Sagesse, amemaliza shule ya kushona na anaazima mashine za watu. Si alisema mwenyewe jioni aliyofika? Firmin akaweka kiwiko kwenye lile bonde. Kikaenea. Akakaa hivyo, kichwa kimeinama, na Jeanne akatoka akamwacha.

Mbele ya wazee ilikuwa vurugu. Jocelyne alimvuta mama yake pembeni akamwuliza kwa lugha zake zote mbili kama amefikiri. Papa Lwaboshi akauliza mara mbili, kwa maneno mawili tofauti, kama mjane anaelewa kwamba anatoa jembe ili abaki na ua la shambani. Jeanne alisema anaelewa. Mama Masika, kutoka nyuma, kwa sauti yake ile, akasema kama mwenye jembe ameridhika na mwenye ua ameridhika, wazee wanalia nini? Watu wakacheka. Ikapita. Ngurumo ya kwanza ikapiga, na kila mtu akabeba kiti.

Firmin aliondoka na basi, cherehani nzima pamoja na meza yake, akibishana na kondakta mpaka ikapakiwa.

Jeanne akaenda Bertrams kwa Mayasa, fundi wa Kitanzania mwenye mashine nyingi na mdomo mkali, akaomba kiti. Alipewa mashine ya umeme. Mguu wake uliozoea pedali ukaikanyaga kama anakanyaga nyoka, kitambaa kikaruka, mshono ukaenda zake upande wa Newtown.

"Eish, bibi," Mayasa akasema bila kuinua macho. "Na unaambiwa watu wanauza kinu wananunua filimbi. Sikuamini."

Jeanne alikata uzi. Alisema mashine hii haina subira, inataka kufika kabla ya kuondoka. Mafundi wengine wakacheka. Mayasa akasogeza kiti, akamwonyesha jinsi ya kukanyaga kidogo, kwa ncha ya kidole, na walipokuwa wameinama pamoja akauliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasimsikie, kama ni kweli ina moto ndani na kama inabeba watu.

"Inabeba mpaka Nyunzu," Jeanne akasema. "Njoo Jumapili baada ya ibada. Ila uje mapema, inachelewa kuchemka."

Mayasa akasema yeye si mtu wa ibada, lakini atakuja.